Geti la kufua au la kuchomelea? Bei zimepishana karibu mara mbili

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Kigamboni, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mzee. Nataka geti la mita 3.6 kwa 2.2, mbawa mbili, nyumba iko kama mita 400 kutoka baharini. Fundi wa kwanza kaniandikia milioni 2.6, fremu skwea paipu 40 ya milimita 1.5, katikati skwea paipu 25 geji 18, maua 40 ya flati ba. Wa pili milioni 4.8, fremu skwea paipu 50 ya milimita 3, katikati skwea ba 16 iliyojaa, maua 40 ya kufua kwa moto. Wote wanasema ni roti ayani kama kwenye picha niliyowatumia. Picha hiyo na ya nguzo nimekutumia na wewe. Huyu wa pili ananipiga?"

Marahaba binti yangu. Hapana, hakupigi. Ukikaa na kalamu utakuta huyo wa bei ndogo ndo ghali, na hesabu nitakupigia hapa hapa, ila kwanza tuliondoe hilo jina maana linawachanganya hata mafundi wenyewe.

Roti ayani ya kweli, yaani chuma cha kufua cha zamani, haipo kwenye hilo geti, la kwanza wala la pili. Chuma chenyewe kile cha asili kilikuwa kinatolewa tanurini kikiwa hakijayeyuka kuwa maji, kinatoka donge laini lenye mavi ya chuma ndani yake, halafu kinapigwa nyundo, kinakunjwa, kinapigwa tena mpaka yale mavi yanavutika kuwa nyuzi nyembamba zinazokwenda urefu wa chuma chote. Ukichukua kipande chake ukakikata nusu kwa tindo kisha ukakipinda mpaka kikatike, hakikatiki kama cha dukani, kinachanika chanika kama muwa unapoupasua kwa meno. Uingereza walikuwa wanakitengeneza kwa wingi tangu Henry Cort alipopata njia yake ya kukoroga tanurini mwaka 1784, na mnara wa Eiffel wa Paris uliomalizika 1889 ni chuma cha namna hiyo hiyo, tani 7,300 hivi. Ila tangu 1856 Bessemer alipoonyesha njia ya kupata chuma cha pua kwa haraka na rahisi, kile cha zamani kikaanza kufa taratibu, na leo viwanda havikitoi tena. Mafundi wa Ulaya wanaokarabati mageti ya kale wanaokota vipande vya madaraja na minyororo iliyobomolewa wanavifua upya. Kwahiyo fundi wa Dar akikwambia ana roti ayani mpya dukani, anachomaanisha ni maua maua. Chuma chake ni hiki hiki cha kawaida tunachonunua wote.

Na usidhani hayo ni mambo ya wazungu. Wagweno kule Upare ya kaskazini walikuwa wahunzi wanaojulikana kabla hata ya Mjerumani, ukoo wa Washana hasa. Wafipa walikuwa na tanuri refu kuliko mtu, linajivutia hewa lenyewe bila mvukuto. Wahaya ndo usiseme, miaka ya 1970 wazee wa Buhaya waliokuwa wameacha kazi hiyo siku nyingi walijenga tanuri upya kwa kumbukumbu tu mbele ya watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, na mwaka 1978 habari ikatoka kwenye jarida la Science kwamba upepo wa mivukuto ulikuwa unapita kwenye mirija iliyoingizwa ndani ya tanuri, unapata moto kabla haujafika kwenye makaa, na ndo maana joto lilikuwa kali vile. Chuma walichokitoa wahenga wetu kilikuwa cha kufua kwelikweli. Sisi tumeacha kuyeyusha maana chuma chakavu na chuma cha dukani ni rahisi, tumebaki na kufua tu, na kufua kwenyewe kunapungua kila mwaka tangu mashine ya kuchomelea ilipofika kila kona.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Chuma kinauzwa kwa kilo hata kama wewe unakinunua kwa mita, kwahiyo nimegeuza makadirio yote mawili kuwa kilo. Geti la kwanza: skwea paipu 25 ya geji 18, yaani unene wa milimita 1.2, mita moja ina uzito wa gramu 900 hivi. Upana wako unahitaji fito 32 za mita mbili mbili, hizo mita 64, kilo 58. Fremu ya mbawa zote mbili pamoja na mikanda ya katikati ni mita 23, hiyo 40 ya 1.5 ina kilo 1.8 kwa mita, kilo 42. Maua ya flati ba nyembamba, yote 40, kilo 15. Jumla kilo 115. La pili: skwea ba 16 iliyojaa ni kilo 2 kwa mita, kwahiyo 128. Fremu 50 ya milimita 3 ni kilo 4.4 kwa mita, 101. Maua ya skwea ba 12 kilo 36. Jumla 265. Gawanya sasa, milioni 2.6 kwa 115 unapata kama elfu 22 na mia sita kwa kilo, milioni 4.8 kwa 265 unapata elfu 18 na mia moja. Aliyekuambia bei ya juu anakuuzia kilo kwa bei ndogo zaidi na juu yake anakuwekea siku tatu za moto na nyundo. Mi ningemuuliza kama amejihesabia vizuri asije akaishiwa katikati akakuachia geti nusu.

Ndo maana kila mtu anayeniuliza habari ya geti namwambia mwambie fundi akuandikie uzito. Fundi anayejua kazi anaujua, au anaweza kuukokotoa mbele yako. Akianza kukuambia "litakuwa zito tu mama usijali", hapo ujue hajapiga hesabu au hataki uipige wewe.

Tuje kwenye kufua. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, mtu wa Upare aliyehamia mtaa wa Gerezani, Dar, na banda lake lilikuwa giza hata saa sita mchana, wateja walikuwa wanadhani ni ubahili wa kununua balbu. Kumbe chuma kinasomwa kwa rangi na jua linakudanganya. Juani chuma cha moto mkali unakiona cheusi unakishika unaungua. Kivulini unaona vizuri, kikiwa rangi ya damu ya mzee bado, ukikipiga hapo unakitia nyufa, kikiwa kama chungwa lililoiva ndo unavuta, kikifika njano unaweza kukifanya unachotaka, na kikianza kutoa vimulimuli vyeupe vinavyoruka kama fataki umeshakiunguza, kata hicho kipande tupa, hakirudi. Alikuwa hanisemeshi. Ananiangalia tu, nikitoa mapema anagonga fuawe tupu mara moja, ting, maana yake rudisha.

Ua la kufua linaanza na ncha. Unachukua skwea ba 12, unapasha sentimita nane za mwisho, unalaza juu ya fuawe unapiga upande mmoja, unageuza robo, unapiga, unageuza, mpaka ncha inakuwa nyembamba na sentimita nane zimekuwa karibu kumi na tano. Halafu unaitandaza kidogo mwishoni iwe kama mkia wa samaki, unarudisha motoni, unaikunja kichwa kidogo ukingoni mwa fuawe kama jani changa la mgomba linalojifungua, ndipo sasa unaingiza kwenye kigezo na kuzungusha. Ua moja linaingia motoni mara mbili au tatu. Mimi na kijana wangu anayepuliza moto kwa feni siku ikiwa nzuri tunatoa 12 mpaka 15. Lile la baridi la flati ba unachomeka kwenye kigezo, unazungusha kwa mkono, 40 unamaliza asubuhi kabla ya chai.

Utayatofautishaje wewe mwenyewe bila kumuuliza mtu? Angalia ncha ya ua, basi. Ya baridi ina unene ule ule mwanzo mpaka mwisho, mwisho wake umekatwa mraba na grainda, na ile sentimita mbili tatu ya mwanzo imenyooka kidogo kwasababu kigezo kilikuwa kinaishikilia hapo hapo. Ya kufua inakonda kuelekea mwisho na hakuna mbili zinazofanana kabisa, ukiziweka mbili pamoja utaona moja imezidi kidogo. Ukiona maua 40 yote sawasawa kama sarafu na fundi anasema kafua kwa mkono, mwambie akuonyeshe banda lake na makaa.

Kuna na yale maua na mikuki ya kununua dukani tayari. Siyakatai, mengine ni chuma kizuri kilichopigwa kwa mashine, lakini mengine ni chuma cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu kama zile nguzo za Beit al-Ajaib, jumba la 1883 pale Unguja. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kinabeba uzito ukikisimamisha lakini ukikichomelea kwa vijiti vya kawaida kinapasuka pembeni ya uchomeleaji, wakati mwingine unasikia kabisa "tik" kinapopoa. Mwambie fundi agusishe grainda. Cheche ndefu za njano nyeupe ni chuma cha kawaida, cheche fupi nyekundu zinazozimika karibu na jiwe ni cha kusubu, hicho kifungwe kwa bolti au kiachwe.

Hiyo picha yako ya geti jeusi lenye dhahabu, ni la Nancy, Ufaransa, uwanja wa Stanislas, kazi ya Jean Lamour ya miaka ya 1750. Nimecheka kidogo kwasababu kila mtu ana picha hiyo kwenye simu. Lamour hakuwa na mashine ya kuchomelea, viungo vyake ni riveti, ulimi na tundu kama kazi ya seremala, na mikanda ya chuma inayofungwa ikiwa ya moto ikipoa inabana yenyewe. Ukitaka kitu kinachokaribiana na hicho kwa pesa yako, usimwambie fundi afue vyote. Mwambie fito zote zichomelewe kama kawaida, afue maua ya sehemu moja tu, pale jicho linapofika kwanza, karibu na komeo na juu katikati, na maua hayo ayafunge kwa mikanda badala ya kuyadonoa na mashine. Maua 16 ya kufua yaliyopangwa vizuri yanapendeza kuliko 40 yaliyotapakaa, na bei inashuka. Hii ni ladha yangu lakini, we ndo unaishi nalo.

Haya, bahari sasa, na hapa ningetaka uweke akili kuliko kwenye maua yote.

Nilipokuwa kijana nilitengeneza geti Tanga, karibu kabisa na maji, skwea paipu tupu, nikaziba kila ncha vizuri nikajiona fundi. Tundu pekee lilikuwa la kitasa. Mwaka wa tatu mwenye nyumba kaniita, rangi kwa nje bado inang'aa ila chini geti linatoa sauti ya bati likiguswa. Nikatoboa kwa drili upande wa chini, yakatoka maji ya kahawia kama chai ya rangi, yalikuwa yanaingia na mvua kwenye tundu la kitasa yanateremka yanakaa humo na chumvi yake, chuma kimeliwa kutoka ndani kimebaki kama karatasi. Nililitengeneza upya bila malipo na mpaka leo sijasahau. Tangu hapo paipu yoyote ninayoweka pwani ama imezibwa kabisa kabisa bila tundu hata la sindano, ama ina matundu ya kutolea maji chini, milimita 8 kila kona, hakuna katikati. Fito zako za kujaa hazina shida hiyo, zinaliwa kwa nje tu na unaziona, ndo sababu nyingine ya kumpenda fundi wa pili. Fremu yake ya paipu ndo umsimamie, na kitasa afunge kwenye kipande cha pleti pembeni, asitoboe fremu.

Njia bora kwa mita 400 kutoka baharini ni geti likishamalizika kuchomelewa lote, lizamishwe kwenye zinki ya moto, zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za sentigredi na bwawa lake linakaa karibu 450, inaingia ndani na nje. Ukienda njia hiyo matundu ya fremu si hiari, paipu iliyozibwa ikizamishwa humo hewa na unyevu wa ndani vinatanuka na inaweza kulipuka ikaua mtu, kwahiyo fundi na watu wa kiwanda waongee kabla, siyo geti limefika ndo wanaanza kutoboa. Ukiona gharama inazidi, basi praima yenye zinki nyingi, juu yake epoksi, juu yake rangi ya kumalizia inayohimili jua, maana epoksi yenyewe ikipigwa jua inapauka inakuwa unga unga. Redi oksaidi ile ya kawaida mkono mmoja halafu gloss nyeusi ni ya Dodoma hiyo, Kigamboni haimalizi masika mawili.

Na rangi yoyote utakayoweka itashika kile kilicho chini yake. Chuma kipya kinatoka kiwandani na ngozi ya kijivu inayong'aa, inaonekana safi, siyo safi, ngozi hiyo inabanduka polepole na rangi inaondoka nayo. Chuma kilichotoka motoni ndo kina magamba zaidi. Yote yasuguliwe kwa grainda yenye brashi ya waya, au yapigwe mchanga, yafutwe kwa thina, na praima ipakwe siku hiyo hiyo, usiku mmoja tu wa hewa ya bahari unatosha kukirudisha chuma kuwa chekundu. Nenda ukaone kabla hajapaka. Kabisa, mwambie kwenye makubaliano kwamba hakuna rangi mpaka nimekuja kuona chuma kitupu, na hapo hapo angalia uchomeleaji. Kuna mafundi wanapiga pointi tatu kuzunguka kiungo halafu wanajaza puti wanalainisha na msasa, ukishapakwa rangi huoni. Chukua msumari ukwaruze kwenye kona, puti inatoka unga mweupe au wa kijivu, chuma hakitoki. Kiungo kilichozungushiwa nusu ni mlango wa maji.

Kama hatimaye mtanunua paipu ambazo zimeshapakwa zinki dukani, sawa, ila mwambie fundi aondoe zinki sentimita chache pale anapochomelea na akae upande upepo unakotoka. Ule moshi mweupe unampa mtu homa ya usiku, anatetemeka kama ana malaria, na yale maziwa tunayokunywa mafundi hayazuii chochote, ni chakula tu. Halafu pale alipoondoa zinki airudishie kwa rangi ya zinki.

Mambo madogo kabla sijasahau. Vipimo vichukuliwe baada ya plasta ya nguzo, siyo kabla, nimeona mageti mengi yanapunguzwa sentimita mbili kwa grainda siku ya kufunga na pale panapokatwa ndo kutu inaanzia. Mwambie akuchoree geti zima sakafuni kwa chaki, ukubwa wake wenyewe, usimame uangalie, kubadilisha chaki ni bure. Nenda naye dukani ukiwa na vernia kalipa, kile kipimo cha unene, paipu inaandikwa 1.5 unapima unakuta 1.2, mara nyingi sana, na hilo siyo kosa la fundi. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto. Mikuki juu ya geti mimi siipendi, mwizi anaweka gunia anapita, anayeumia ni mtoto wa jirani anayefuata mpira. Na ukimpa huyo huyo kazi ya grili za madirisha, kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kwa ndani na funguo inaning'inia hapo hapo, moto ukiwaka hutakuwa na muda wa kuita fundi.

Advansi, usitoe yote. Nunueni vifaa pamoja, hiyo ndo advansi yake, kisha sehemu ya ufundi ukiona chuma kitupu kimekamilika, na ya mwisho geti likiwa limefungwa na linafunguka kwa kidole.

Kuhusu kufunguka kwa kidole, picha ya tatu uliyotuma, ile ya nguzo. Geti la kilo 265 maana yake kila bawa linaning'inia kilo 130 hivi, na bawa la mita 1.8 haliangukii chini tu, linavuta nguzo kwa pembeni kama mtu anayening'inia kwenye mlango. Nguzo yako ya kulia naona ni tofali tupu, na kuna ufa unaanzia kama mita moja kutoka chini. Kabla hujamlipa fundi yeyote mwite mwashi aibomoe hiyo, ndani iwe na nondo nne za milimita 12 zinazotoka kwenye msingi na zege mpaka juu, na bawaba zishikwe kwenye pleti zilizofungwa na hizo nondo kabla zege halijamwagwa. Liache wiki tatu, nne likomae. Wakati huo mhunzi atakuwa anafua maua yako.